Ushuru wa kulala wageni: namna ya kuukata, kuutunza na kuuwasilisha kwa mwenye vyumba vya siku chache Kigoma

Mgeni akilala usiku mmoja kwenye chumba chako Gungu, anakukabidhi pesa za watu wawili kwa mkupuo mmoja. Sehemu kubwa ni yako: bei ya chumba, shuka safi, maji ya kuoga, jenereta umeme ukikatika. Sehemu ndogo ni ya halmashauri, na imepita mikononi mwako kwa sababu tu wewe ndiye uliyempokea. Huo ndio ushuru wa kulala wageni. Anayeulipa ni mgeni. Kazi yako ni kuukusanya na kuufikisha. Wenye vyumba wanaolia nao mwisho wa mwezi, kwa ninavyowaona, wengi hawaumizwi na kiwango chenyewe. Wanaumizwa na kwamba ile pesa ilishaliwa zamani, ikanunua gesi na migebuka, na sasa inatafutwa upya kwenye mfuko ambao haukuwa wa kuitoa.

Ninamwandikia mwenye chumba kimoja au viwili, au nyumba nzima anayoitoa kwa usiku, awe anapata wageni kwa kupigiwa simu na dereva wa bajaji wa stesheni, kwa WhatsApp, au kwenye majukwaa kama Airbnb na Booking.com. Mwenye hoteli kubwa ana mhasibu wake.

Neno moja kabla hatujaanza. Ukitafuta habari za kodi hii mtandaoni utaletewa kurasa za Marekani na Ulaya, nazo zimewapotosha watu hapa mjini. San Francisco inatoza asilimia 14 kwa mgeni anayekaa chini ya siku 30, na tangu Oktoba 2014 Airbnb yenyewe huikata kodi hiyo mgeni anapolipa na kuipeleka kwenye hazina ya jiji. Mwenye nyumba haigusi. Amsterdam, kuanzia mwaka 2024, inatoza asilimia 12.5 ya bei ya malazi. Hayo ni ya huko kwao. Usichukue mstari wa siku 30 wa San Francisco ukaufanya sheria ya Kibirizi, na usidhani kwamba jukwaa limeshakukatia. Fungua taarifa ya malipo ya oda yako, usome mstari kwa mstari. Kama hakuna mstari wa ushuru uliokatwa kwa ajili ya halmashauri yako, hakuna aliyekata, na jukumu limebaki kwako.

Hatua ya kwanza: jua unamlipa nani

Swali hili linaonekana la kitoto mpaka uwe na nyumba Mwandiga. Gungu, Katubuka, Mwanga, Bangwe, Kibirizi na Ujiji ziko ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Ukifika Mwandiga umeshaingia Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Ukijenga vibanda vya wageni kusini kando ya ziwa, kuelekea Mahale, uko Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza. Kila moja ina sheria ndogo zake, namba zake za malipo na maafisa wake, na risiti ya halmashauri moja haikufutii deni la nyingine.

Kama nyumba iko pembezoni na majirani wanabishana, angalia unahudumiwa na nani. Mwenye mtendaji wa mtaa yuko manispaa. Mwenye mtendaji wa kijiji yuko halmashauri ya wilaya. Mweleze mtendaji huyo mapema kwamba unapokea wageni. Siku mgeni akipoteza simu, au polisi wakija kuuliza nani kalala hapo, utafurahi kwamba ofisi ya mtaa inajua nyumba yako ni ya nini.

Hatua ya pili: pata kiwango kwa maandishi

Nenda ofisi ya biashara au kitengo cha mapato, uombe kuonyeshwa sheria ndogo inayohusu ushuru huu. Halmashauri zinatoza ushuru kwa mamlaka ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kwa hiyo lipo andiko, na una haki ya kulisoma. Usiridhike na kuambiwa kwa mdomo dirishani. Tafuta mambo manne: kiwango ni asilimia ngapi, kinakokotolewa juu ya nini, mwisho wa kuwasilisha ni tarehe ngapi ya mwezi unaofuata, na adhabu ya kuchelewa ni kiasi gani. Piga picha ukurasa huo kwa simu, uuhifadhi.

Rudia zoezi hilo kila Julai. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge mwezi Juni huja na mabadiliko ya viwango mara kwa mara. Jirani anayekutajia kiwango cha miaka mitatu iliyopita hakudanganyi. Hajarudi ofisini tu.

Wakati ukiwa pale, uliza pia kama hati yao ya madai itakuja na mstari mmoja au zaidi. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 serikali ilifuta ushuru wa huduma, ule unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, kwa nyumba za kulala wageni, zikabakiwa na ushuru wa kulala wageni. Ukiona hati imekutoza vyote viwili kwa chumba kilekile, usilipe kwanza ukauliza baadaye. Uliza kwanza, kwa upole, hati mkononi.

Hatua ya tatu: karatasi za biashara

Hapa sitakaa sana. Unahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato; haina malipo. Unahitaji leseni ya biashara. Maombi ya leseni za halmashauri hufanyika kwenye mfumo wa TAUSI, na kama mtandao unakusumbua, afisa biashara atakuelekeza. Ukitumia jina la biashara badala ya jina lako, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Tarajia afisa afya aje kuangalia choo na maji. Ukilenga watalii wa Gombe na Mahale, uliza mapema kuhusu TALA, leseni ya biashara ya utalii inayotolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, maana ina masharti na malipo yake, mbali na haya ya halmashauri.

Watu huahirisha leseni wakidhani bila leseni hawaonekani. Tangazo lako liko mtandaoni, lina picha ya geti na ramani. Unaonekana.

Hatua ya nne: panga bei ushuru ukiwa ndani ya hesabu

Hapa ndipo pesa inapopotelea, kwa hiyo twende taratibu. Kwa mifano yote nitatumia asilimia 10, kwa kuwa ni nyepesi kuhesabia. Wewe weka kiwango ulichopiga picha.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kutaja bei ya chumba, kisha kuongeza ushuru juu yake. Chumba 50,000, ushuru 5,000, mgeni analipa 55,000. Ni njia ya wazi na hesabu yake haimchanganyi mtu. Ubaya wake ni kwamba mgeni aliyesikia hamsini kwa dereva wa bajaji atashangaa mlangoni, na hapo usipokuwa na jibu utajikuta unamsamehe zile elfu tano. Ukishasamehe, umemlipia wewe. Halmashauri haijasamehe.

Jibu lenyewe si gumu.

"Kaka, mbona nimeambiwa hamsini?"

"Ni kweli, dada yangu, hamsini ni ya chumba. Hii tano ni ushuru wa halmashauri, na kwenye risiti utauona umeandikwa peke yake."

Njia ya pili ni kutaja bei moja iliyobeba kila kitu. Kigoma mimi naipendelea hii, kwa sababu chenji ni shida na mgeni aliyeshuka kwenye treni usiku hataki somo la kodi. Lakini hesabu yake ina mtego. Ukitoza 55,000 ushuru ukiwa ndani, usichukue asilimia 10 ya 55,000. Ukifanya hivyo unapata 5,500, na umetozea ushuru juu ya ushuru. Gawanya kwa 1.10: 55,000 ÷ 1.10 = 50,000, na tofauti, yaani 5,000, ndiyo ya halmashauri. Ukitaka bei iwe 50,000 kamili mlangoni, basi 50,000 ÷ 1.10 ni 45,455, na ushuru ni 4,545. Chumba chako basi kinauzwa elfu arobaini na tano na ushei. Kama namba hiyo haikutoshi kulipa maji, umeme na dada wa usafi, pandisha bei sasa hivi, usingoje mwisho wa mwezi ukakimbilia kupunguza ushuru.

Kiwango chako kikiwa asilimia 5, utagawanya kwa 1.05, kikiwa asilimia 2, kwa 1.02. Kanuni ni ileile.

Kwenye majukwaa ya mtandaoni kuna mtego mwingine. Jukwaa linakata ada yake kabla ya kukutumia pesa, kwa hiyo kinachoingia benki ni kidogo kuliko alichotozwa mgeni. Ushuru unahesabiwa kwenye bei ya malazi aliyotozwa mgeni; usiuhesabu kwenye salio lililokufikia. Ada ya jukwaa ni gharama yako ya kutafuta wateja, sawasawa na elfu tano anayochukua dalali. Na kama utataka mgeni alipe ushuru kwa taslimu akifika, iandikwe kwenye tangazo kabla hajalipia, kwa kiasi kamili. Mgeni aliyelipa mtandaoni akidhani amemaliza, ukimdai tena getini, atakuandikia maoni ambayo utakaa nayo mwaka mzima.

Tenganisha chumba na vitu vingine. Wapo wanaouza kifurushi: kulala, chai ya asubuhi, na boti ya kwenda Gombe kutoka Kibirizi, vyote kwa bei moja. Inavutia wateja, lakini afisa akiona mstari mmoja wa 250,000 ulioandikwa "malazi", atakokotoa kwenye 250,000 yote. Andika chumba peke yake, chai peke yake, boti peke yake. Na kiingilio cha hifadhi ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Usikipitishe kabisa kwenye daftari la chumba.

Na bei iwe ya shilingi. Mji huu umezoea dola, faranga za Burundi na pesa za Kongo kupita mkono kwa mkono, ila kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mfanyabiashara wa Bujumbura akija na dola, mwelekeze benki au duka la kubadilishia fedha kwanza, kisha akulipe shilingi. Inarahisisha na hesabu yako, kwani hutabishana na mtu mwisho wa mwezi kuhusu dola ilikuwa shilingi ngapi tarehe fulani.

Hatua ya tano: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walijua. Nunua kaunta buku moja kwa kazi hii tu. Programu ya simu ni nzuri ukiizoea, lakini daftari halizimi chaji na msimamizi wako yeyote anaweza kuliandika.

Kila mgeni apate mstari wake: tarehe ya kuingia na kutoka, idadi ya usiku, bei ya chumba bila ushuru, ushuru, jumla, njia ya malipo, na namba ya risiti uliyompa. Kurasa zionekane hivi:

Julai 3 hadi 5, chumba namba 1, usiku 2, chumba 100,000, ushuru 10,000, jumla 110,000, simu, risiti 41.
Julai 5, chumba namba 1, hakuna mgeni.
Julai 6, chumba namba 1, usiku 1, chumba 50,000, ushuru 5,000, jumla 55,000, taslimu, risiti 42.
Julai 7, chumba namba 1, ndugu kutoka Kasulu, bure.

Mstari wa pili na wa nne ndio watu wasiouandika, na ndio unaokuokoa. Asiye na daftari hukadiriwa: afisa anahesabu vyumba vyako, anakisia usiku mangapi vina watu, anazidisha. Atakisia kwa msimu mzuri, Juni mpaka Oktoba, kiangazi watalii wanapokuja kuona sokwe. Masika chumba chako kinakaa wiki nzima na mjusi, lakini huna cha kumwonyesha. Usiku mtupu ulioandikwa siku ileile, kwa kalamu ileile, ni ushahidi. Usiku mtupu uliokumbukwa Desemba ni hadithi.

Majina, namba za vitambulisho na pasipoti viandike kwenye kitabu cha wageni, tofauti na daftari la pesa. Kigoma ni mkoa wa mpakani, maafisa uhamiaji huja kukagua kitabu hicho, nao hawana haja ya kujua mgeni alilipa ngapi. Kitabu kisikae wazi mezani kila anayepita akisoma nani alilala na nani. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutunza taarifa za watu ni wajibu wa kisheria, na hata bila sheria ni adabu ya nyumba ya wageni.

Kuhusu risiti: wapo wageni wa kikazi, wa posho, watakaokuomba uandike 80,000 wakati wamelipa 50,000. "Mama, nisaidie tu, ni karatasi." Si karatasi tu. Umejiandikia deni la ushuru wa elfu themanini, umeongeza mauzo yako mbele ya TRA, na nakala iko kwenye faili la ofisi ya mtu mwingine, ambayo ikikaguliwa jina lililo juu ni la kwako. Mwambie risiti inatoka kama malipo yalivyoingia. Akihama, ahame.

Hatua ya sita: tenga pesa siku ileile

Fungua laini ya pili ya simu au akaunti ndogo isiyo na matumizi mengine. Kila mgeni akilipa, kabla hujanunua chochote, hamisha ushuru wake huko. Usingoje wiki iishe. Hamisho dogo lina makato, najua, na kwa mwenye mgeni mmoja mmoja yanaudhi. Ukiona hivyo, weka taslimu kwenye bahasha yenye jina la mwezi, kisha peleka yote kwa wakala mara moja kwa wiki. Makato hayo ni gharama yako. Usiyakate kwenye ushuru.

Kuna faida nyingine ya kutenga ambayo watu hawaioni. TRA inamtaka mfanyabiashara mwenye mauzo ghafi ya kuanzia shilingi milioni 11 kwa mwaka atumie EFD, mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti. Chumba kimoja cha 30,000 kikijaa kila usiku kinakufikisha 10,950,000, ukingoni kabisa. Ukichanganya ushuru wa halmashauri na mauzo yako, unajionyesha mkubwa kuliko ulivyo. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa upande wake, huwahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 mwezi Julai 2023, kwa hiyo mwenye vyumba viwili Katubuka alale usingizi kwa hilo.

Hatua ya saba: wasilisha

Mwezi ukiisha, jumlisha safu ya ushuru. Linganisha na pesa iliyo kwenye laini au bahasha. Zisipolingana, tafuta tofauti kabla hujaenda popote. Mara nyingi ni mgeni aliyelipa usiku wa ziada asubuhi akiondoka, msimamizi akasahau kuandika.

Kisha omba namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Huwa na tarakimu 12 na huanza na 99. Lipa kwa simu kwenye menyu ya malipo ya serikali, au kwa wakala wa benki, ukihakiki kwanza kwamba kiasi na jina la halmashauri ni sahihi. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho, na risiti ya serikali uibandike kwenye ukurasa wa mwezi huo ndani ya daftari. Ujumbe wa simu peke yake hautoshi, simu hutumbukia ziwani.

Mwezi usio na mgeni hata mmoja nao upelekee taarifa. Andika barua fupi au fomu yao, uandike sifuri, ubaki na nakala yenye muhuri. Ukikaa kimya, mfumo hausomi kwamba hukuwa na mgeni. Unasoma kwamba hujalipa.

Afisa akija nyumbani, mkaribishe, muombe kitambulisho, mpe kiti na daftari. Akitaka malipo pale pale, yapitie kwenye kontroo namba au mashine ya POS inayotoa risiti yenye jina la halmashauri. Akikwambia mashine haina chaji, mwambie utapita ofisini kesho asubuhi, na upite kweli.

Vitu vinavyochanganywa na ushuru huu

Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni ya jengo, awepo mgeni au asiwepo. Haina uhusiano wowote na usiku wa mgeni, na kuikatwa hakukupunguzii ushuru.

Kodi ya mapato ni yako mwenyewe, juu ya biashara yako, na makadirio yake hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Usimwonyeshe afisa wa TRA risiti za ushuru wa halmashauri ukidhani umemaliza, wala usimpelekee afisa wa halmashauri risiti za TRA.

Halafu kuna mpangaji wa miezi. Kigoma ina mashirika mengi, na mara kwa mara moja litataka nyumba yako yote kwa miezi sita kwa ajili ya mtumishi wake. Huo ni upangaji kwa mkataba. Shirika litakata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Usigombane nao, wametakiwa na sheria kufanya hivyo. Dai cheti cha zuio kila wanapolipa, kwa sababu kiasi hicho kinahesabika kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka. Nyumba ikishaingia kwenye mkataba wa namna hiyo, wajulishe halmashauri kwamba kwa kipindi hicho haipokei wageni wa usiku, na uandike hivyo kwenye daftari.

Oda iliyofutwa mgeni hajafika, nawe ukabaki na nusu ya pesa, iandike kwenye mstari wake na sababu yake, umuulize afisa mapato kabla mwezi haujafungwa. Usiamue peke yako kwa kuiacha nje ya daftari.

Mwenye nyumba yuko Dar, msimamizi yuko Kigoma

Hii ndiyo hali ya nyumba nyingi nzuri za hapa, na ndiyo inayozaa ugomvi. Mwenye nyumba anasema alidhani msimamizi analipa. Msimamizi anasema hakuachiwa pesa. Leseni ina jina la mwenye nyumba, kwa hiyo hati ya madai inamfuata yeye, hata kama hajakanyaga Kigoma tangu paa lilipoezekwa.

Andikianeni ukurasa mmoja. Useme nani anapokea pesa ya mgeni, nani anatenga ushuru, nani anaomba kontroo namba, na picha ya risiti itumwe kwa nani kabla ya tarehe gani. Asilimia ya msimamizi ihesabiwe kwenye bei ya chumba bila ushuru. Kwa mfano wetu, asilimia 20 ya 50,000 ni 10,000. Ukiihesabu kwenye 55,000 inakuwa 11,000, na ile elfu moja ya ziada imetoka mahali ambapo hakuna aliyeamua itoke. Kama wageni wanalipia kwenye jukwaa na pesa inaingia benki Dar, mwenye nyumba ndiye atume ushuru kila oda inapolipwa, siyo "tutaona mwisho wa mwezi".

Ukiacha biashara, iwe umeuza nyumba, umeipangisha kwa familia au umechoka tu na wageni, nenda na barua ya kufunga ofisi ya biashara ya halmashauri, na nyingine TRA. Ambatisha risiti ya mwezi wa mwisho. Ondoa tangazo mtandaoni siku hiyohiyo, kisha rudi baada ya wiki chache uhakikishe kwamba jina lako limeondolewa kwenye orodha ya wanaodaiwa.